Hell's Gate au Longonot? Ukiwa na watoto, shosho na siku moja tu

Kama kwa gari kuna mtoto wa miaka 5 na shosho ambaye goti linamsumbua, endeni Hell's Gate, hapo hakuna mjadala. Kama nyote mna miguu ya kupanda masaa mawili juani bila mtu kukaa chini akasema hatoki hapo, Longonot itawapa kitu ambacho Hell's Gate haina. Nimepeleka familia yangu kote kuwili, Longonot likizo ya Agosti na Hell's Gate Desemba iliyofuata, watu walewale, mimi na bwanangu, mamangu mzazi, na watoto watatu wa miaka 13, 9 na 5, kwa hivo haya ninayoandika mengine nimeyaona na macho yangu na mengine nimeyalipia.

Shida ni kwamba hizi mbuga mbili watu huziweka kwa kapu moja. Zote ziko upande wa Naivasha, zote ni za KWS, lile shirika la serikali la wanyamapori, zote ni ndogo (Hell's Gate kama kilomita mraba 68 na Longonot kama 52), zimetangazwa mwaka mmoja baada ya mwingine, Longonot 1983 na Hell's Gate 1984, na zote ni kati ya zile mbuga chache ambazo unaruhusiwa kushuka kwa gari ukatembea na miguu yako. Ukiwa Hell's Gate ukiangalia upande wa jua linapotoka unaiona Longonot imekaa pale kama jirani. Lakini moja unapanda na ingine unashuka, na hiyo tofauti ndo inaamua siku yenu itaendaje kutoka asubuhi mpaka jioni.

Njia

Longonot iko karibu zaidi. Mnateremka na barabara ya chini ya Mai Mahiu, ile ilichongwa na wafungwa wa Kiitaliano wakati wa vita vya pili vya dunia, wale waliojenga kale kakanisa kadogo mnakapita pale kando, alafu kabla hamjafika Naivasha mnakata kushoto mnaenda mlimani. Sisi tulitoka Nairobi saa kumi na mbili asubuhi na saa moja na nusu baadaye tulikuwa getini. Hell's Gate mnaendelea mpaka Naivasha, mnaingia Moi South Lake Road, mnapita mashamba ya maua, ziwa likiwa kulia, alafu mnakata kushoto kwenda Elsa Gate. Hapo tulitumia masaa mawili na kidogo, na kidogo yenyewe ilikuwa malori ya Mai Mahiu ambayo yakiamua kufuatana kwa ule mteremko hamna la kufanya, mnafuata tu.

Kwa matatu Longonot pia ni rahisi, unapanda ya Naivasha inayopitia Mai Mahiu unashukia Longonot na boda anakupeleka getini. Hell's Gate ni matatu ya Naivasha, alafu ingine ya South Lake, alafu boda au baiskeli kutoka njia panda mpaka geti, na hiyo kupanda na kushuka ukiwa na watoto watatu na begi la chakula ni kazi. Kama hamna gari na watoto ni wadogo, changeni na familia ingine mkodishe moja.

Miguu

Hapa ndo nataka mtu asome pole pole, kwa sababu ndo nilikosea.

Longonot nilidhani ni matembezi. Kutoka geti mpaka ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkeno kule juu ya mlima, ni kama kilomita 3, na kilomita 3 ukiisikia uko nyumbani unaona ni kama kwenda soko na kurudi. Mwanzo ni sawa kabisa, njia ni pana, punda milia wako pale wanakula, watoto wanakimbia mbele. Alafu mlima unaanza. Udongo wake ni wa volkeno, laini kama unga wa mahindi, maji ya mvua yameuchimba mifereji kwa hivo unaweka mguu unateleza nusu hatua nyuma, na kile kipande cha mwisho kabla ya ukingo ni cha kushika magoti na mikono. Kivuli hakuna. Kiatu cha yule wa miaka 9 kilijaa vumbi mpaka soksi ikabadilika rangi, akakaa juu ya jiwe akakitoa akamwaga, vumbi likatoka kama mtu anamwaga chumvi.

Kitinda mimba alifika nusu ya njia akasimama. Hakulia, alisimama tu akasema "mimi nimemaliza." Bwanangu akambeba mabegani kidogo, akaona hawezi kumbeba hivo kwa ile njia akianguka itakuwa mambo mengine, wakarudi chini wote wawili. Mamangu hata hakuanza. Alifika getini akaangalia mlima, akaniangalia, akasema atatungoja, akatoa thamosi yake ya chai. Mimi na wale wakubwa wawili tukafika ukingoni, mkubwa akataka tuzunguke kreta yote, wa 9 hakuwa na nguvu tena, nikawaambia turudi. Mkubwa alinuna mpaka Mai Mahiu. Hebu hesabu: watu sita, siku moja, na kila mtu alikuwa na siku yake. Mamangu alikaa pale getini karibu masaa matano. Hakulalamika, na kutolalamika kwake ndo kuliniuma.

Hell's Gate haifanyi hivo. Kutoka Elsa Gate mpaka pale korongo linaanzia ni kama kilomita 8 za barabara ya vumbi katikati ya kuta za mawe, na hizo kilomita 8 kila mtu anaziendea anavyoweza. Mamangu na kitinda mimba walikuwa kwa gari na bwanangu, vioo chini, wakienda mwendo wa baiskeli. Mimi na wale wawili tulikuwa kwa baiskeli. Mtu akichoka baiskeli inaingia kwa buti naye anaingia ndani. Mkiona twiga wote mnasimama, wa gari na wa baiskeli, mnaangalia twiga mmoja. Hicho kitu cha kuona kitu kimoja kwa pamoja, nyinyi sita, ndo nilikuwa nimetafuta Agosti nikakosa.

Baiskeli kabla hujalipa

Baiskeli zinakodishwa getini na pia kule njia panda, na kwingine ni nafuu kuliko kwingine, lakini sitaki uangalie bei kwanza. Sisi tulichukua kwa haraka, watoto wanaruka ruka wanataka kuanza, ya binti wa miaka 9 sikuishika hata breki. Kumbe ya nyuma ilikuwa waya tu, haishiki kitu. Alifika mahali pana mteremko mdogo na mchanga mwingi, akabonyeza, haikusimama, akaangukia kiwiko. Alichubuka, hakuvunjika, na nilikuwa na maji na plasta kwa begi, lakini nilitetemeka mikono nikimfunga kuliko yeye.

Kwa hivo bonyeza breki zote mbili ukiisukuma baiskeli mbele, gurudumu lisimame kabisa. Zungusha pedali uone cheni haitoki. Kalisha mtoto uone miguu inagusa chini. Baiskeli za watoto huwa ni chache, na mtoto wa miaka 9 kuwekwa kwa baiskeli ya mtu mzima eti saidia tu kidogo, kataeni. Ulizia helmeti, na chukua namba ya simu ya mwenye baiskeli, ikipata pancha kule ndani umpigie. Na muhesabu kurudi pia, kwa sababu wakati wa kwenda baiskeli inajibeba na wakati wa kurudi unaibeba wewe, kuna kapandisho ambako asubuhi hukukaona.

Korongo lenyewe

Watu wengi wanaenda Hell's Gate kwa sababu ya korongo, Ol Njorowa, na wanafaa kwenda, lakini hapa ndo mzazi anafaa kuwa mzazi.

Zamani sana Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa zaidi kuliko hili tunaloliona, na maji yake yalikuwa yakitoka kuelekea kusini kupitia hapa, ndo yakachonga huu mwamba. Ukishuka ndani unaona wazi kwamba ni maji yamefanya hii kazi. Kuta ni laini, zimejipinda kama kitambaa kinapeperushwa, mahali pengine unaweza kunyoosha mikono ukagusa pande zote mbili na mbingu iko juu kama utepe. Mwongozaji wetu, kijana Mmaasai wa hapohapo, alituonyesha mahali maji ya moto yanatoka ukutani. Si mengi, yanatiririka tu juu ya jiwe yakiacha alama ya kijani na ya kahawia, na ukikaribia unahisi joto usoni kabla hujafika. Binti alinyoosha kidole kidogo kidogo, akagusa, akakirudisha kwa kasi, alafu akagusa tena. Alibaki akiuliza moto uko wapi. Moto uko chini, na ndo huohuo unazalisha stima pale Olkaria tangu 1981, yale mabomba makubwa na ule mvuke mnauona ukipanda juu mkiwa bado njiani.

Sasa kushuka. Kuna mahali unaweka mguu kwa kidato kilichochongwa kwa mwamba na unashika na mkono, kuna mahali kuna utelezi, kuna mahali mwongozaji anasimama chini anawapokea mmoja mmoja. Wa 13 aliona ni mchezo. Wa 9 aliweza akishikwa. Wa 5 singempeleka, na shosho singempeleka, na sikuwapeleka. Walibaki juu pale pa pikiniki na bwanangu, na hawakukosa kitu kwa sababu nyani waliwapa shughuli, nitafika hapo.

Lakini kuanguka si ndo hatari kubwa. Hatari kubwa ni maji. Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliwabeba vijana wa kanisa waliokuja kutembea ndani ya hili korongo, wakafa 7. Septemba 2019 maji yakaja tena, wakafa wengine 7, na KWS wakalifunga korongo kwa muda. Mvua si lazima inyeshe pale mlipo. Inanyesha kule juu kwenye vilima, maji yote yanatafuta njia moja ya kushuka, na hiyo njia ni pale mmesimama, kati ya kuta mbili ambazo huwezi kuzipanda. Unaweza kuwa na jua kichwani na maji yako njiani yanakuja.

Sisi tulikuwa ndani kama dakika 40. Mwongozaji akasimama, akaangalia juu, akaongea na mwenzake kwa Kimaasai, akatuambia tunatoka. Kulikuwa na wingu moja jeusi upande wa juu, mimi nisingeliona hata kama ningeangalia. Mkubwa wangu akaanza, mum bado hatujafika ile sehemu wanaiita chumba cha kulala cha shetani, mum dakika kumi tu. Nikamwambia tunatoka. Tukatoka kwa njia ya karibu tukafika juu, na sijui kama ilinyesha wala sikujali, na nikamuongeza yule kijana kitu juu ya bei tuliyokubaliana kwa sababu angeweza kabisa kuendelea tu ili amalize kazi yake.

Kwa hivo: msiingie bila mwongozaji, hata kama mnaona wengine wanaingia. Ulizeni maaskari wa KWS asubuhi hiyo kama korongo liko wazi na ni sehemu gani, msitegemee vile ilikuwa mwezi jana. Mkiona mawingu msishuke. Na wakati wa mvua za masika, Machi mpaka Mei, mimi familia yangu siipeleki ndani ya korongo, nitawaacha waendeshe baiskeli kule juu na ikatosha.

Ukilinganisha na Longonot, hatari ya Longonot ni ya kawaida, unaiona. Jua, kiu, kuteleza, mtoto kukimbia karibu na ukingo. Hiyo ya ukingo ni kweli, njia ya kuzunguka kreta mahali pengine ni nyembamba na pande zote ni mteremko, kwa hivo mtoto asiyesikia akiambiwa "simama" hafai kuwa kule.

Wanyama

Hell's Gate inashinda, na inashinda mbali. Punda milia, twiga, ngiri, swala, kongoni, pofu, na kama una macho mazuri ukiangalia juu kwenye majabali unaona tumbusi wanazunguka viota vyao. Simba na ndovu hakuna, ndo maana unaweza kuendesha baiskeli. Nyati wako. Wakiwa kundi mbali hawana shida na nyinyi, lakini mkimwona mmoja peke yake karibu na barabara simameni, msipite, ngojeni gari mpite kando yake. Longonot pia ina wanyama kule chini na ndani ya kreta, lakini ukiwa unahema na kuangalia miguu yako huwaoni.

Kilichowafurahisha watoto wadogo kuliko twiga ni pimbi. Pale Fischer's Tower, huo mwamba umesimama peke yake kama mita 25, si mbali na geti, pimbi wamejaa, wanaota jua, hawaogopi watu. Mwamba una jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita hapa 1883, lakini Wamaasai wana hadithi yao ya zamani kuliko Fischer. Ni msichana aliyekuwa anapelekwa kuolewa, akaambiwa asigeuke kuangalia nyuma kwao, akageuka, akawa jiwe. Kitinda mimba alisikiliza hii hadithi mdomo wazi, akauangalia ule mwamba kwa muda mrefu, akauliza kama bado anasikia.

Nyani sasa. Pale pa pikiniki karibu na korongo nyani wanajua mfuko wa chakula kuliko wewe unavyoujua. Mamangu alikuwa amebeba viazi vya kuchemsha, mayai na mkate kwa kikapu, akakiweka juu ya meza, akageuka kumfunga mtoto kamba za viatu, na nyani mmoja dume akapita na ule mkate wote wa nusu kilo. Kuleni ndani ya gari au mkiwa mmezunguka chakula, vioo vifungwe, na mtoto asishike ndizi mkononi akitembea. Msiwalishe, hata kama wengine wanawalisha, ndo wamewaharibu hivo.

Longonot na haki yake

Nisiwe nimeiponda Longonot, kwa sababu nimeipenda na nitarudi.

Ukifika ukingoni upepo unakupiga usoni na kreta inafunguka chini yako yote mara moja. Ndani ni msitu. Miti mikubwa kabisa, lakini kutoka kule juu inafanana na sukuma wiki kwa shamba, imebanana kijani, na kuta zinashuka pande zote, na mahali pengine ukutani unaona kamvuke kanatoka. Wanasema mara ya mwisho huu mlima kulipuka ni kama miaka ya 1860, yaani si mbali, babu wa babu zetu wangeweza kuuona. Ukigeuka unaona ziwa Naivasha upande mmoja na mlima Suswa upande mwingine. Wale watoto wangu wawili walinyamaza. Mimi nimezaa watoto wa kelele, na walinyamaza.

Hell's Gate haina hapo pa kunyamaza namna hiyo. Ni nzuri lakini imejaa, wikendi kuna mabasi ya shule, vikundi vya kanisa, muziki kwa spika, baiskeli zinapita. Longonot jasho linawachuja watu, na wanaofika juu wamefika kwa nguvu zao, kila mtu anamsalimia mwenzake.

Kuzunguka kreta yote ni kilomita 7 na kidogo, kupitia kilele chenyewe, Kilele cha Ngamia, mita 2,776. Ukiongeza kupanda na kushuka ni siku nzima, masaa matano mtu mwenye mazoezi, sisi tungetumia sita au saba. Kwa familia yenye watoto wa miaka 10 kwenda juu waliozoea kutembea, hiyo ni siku ya maana sana, na mtoto akishuka pale amechoka na vumbi mpaka kwa nyusi amejua kitu kuhusu miguu yake. Watoto wadogo wabaki nyumbani na mtu, msifanye kama mimi, kusema eti tukifika tutaona.

Kama mnataka ya katikati, pandeni mpaka ukingoni tu, mkae, mle, mrudi. Hiyo inatosha kabisa na hakuna aibu. Lakini mpangane hivo kutoka nyumbani, mkubwa asije akanuna mpaka Mai Mahiu.

Pesa, chakula, maji

Kiingilio si ndo kitawaamulia. Pande zote mnalipa kwa eCitizen, ile tovuti ya malipo ya serikali, getini hawashiki pesa taslimu, kwa hivo lipieni nyumbani usiku kabla, muangalie bei ya siku hiyo na si ile mliambiwa na jirani, na mbebe vitambulisho. Tofauti inakuja mkishaingia. Longonot mkilipa kiingilio na gari mmemaliza. Hell's Gate kuna baiskeli kwa kila mtu, mwongozaji wa korongo, chakula maana baiskeli inaleta njaa, na mkiwa na hamu kuna lile bwawa la maji ya moto la Olkaria, maji ya bluu ya kutoka chini ya ardhi, ambalo lina malipo yake. Sisi bwawa hatukuenda, siku ilikuwa imejaa, na nawashauri mchague moja, korongo au bwawa, mkitaka kufanya yote na watoto mtakuwa mnawakimbiza tu. Kwa jumla Hell's Gate ilitugharimu karibu mara mbili ya Longonot, na nyingi ni baiskeli. Mkienda wote na gari bila baiskeli hiyo tofauti inapungua sana.

Maji ya Longonot ni lita 2 kwa kila mtu mzima na lita moja na nusu kwa mtoto, muyabebe kutoka chini kwa sababu juu hakuna pa kununua. Kofia. Viatu vya kufunga, na soksi ndefu kwa sababu ya lile vumbi. Anzeni kupanda kabla ya saa mbili asubuhi, jua la saa sita mkiwa kwa ule mteremko wa mwisho si mchezo. Hell's Gate maji pia lakini mko na gari, na mbebe nguo za kubadilisha kwa wale wataingia korongo, viatu vitalowa. Kwa miguu ile raba ya zamani yenye meno ndo nzuri, si ndara, niliona mama mmoja na ndara kule chini anashikwa mikono yote miwili.

Mawe meusi mtayaona Hell's Gate, yanang'aa kama chupa iliyovunjika na yanakata vilevile, watoto watayaokota. Waacheni waangalie alafu wayarudishe chini. Wangu alikuwa ameficha moja kwa mfuko wa kaptura, shosho ndo alimshika.

Mimi nafanya nini tena

Likizo ijayo Hell's Gate tunarudi wote, safari hii na baiskeli nimezishika breki mwenyewe. Longonot nampeleka mkubwa peke yake, mimi na yeye, tuzunguke kreta yote kama alivyotaka, tukitoka nyumbani saa kumi na moja. Binti atapanda akifika miaka 11 au akiomba mwenyewe. Kitinda mimba angoje.

Na wale wanafikiria kufanya zote mbili siku moja kwa sababu ziko karibu, msijaribu na watoto. Mageti yanafungwa saa kumi na mbili jioni, na mkiwa Hell's Gate saa kumi na moja hivi anzeni kurudi, mrudishe baiskeli mkiwa na mwanga, alafu kama ni Jumapili jipangeni kwa foleni ya kupanda kurudi Nairobi, sisi tulifika nyumbani saa tatu usiku. Tukitoka Elsa Gate jua lilikuwa linagonga zile kuta zikawa nyekundu kabisa, nikawaambia watoto geukeni muone. Wote waligeuka isipokuwa yule wa miaka 5. Alikaa ameangalia mbele, mikono miwili imeshika kiti cha baba yake, na hakugeuka mpaka tukafika lami.